Matiti Aliyoyachagua Mama Pacha

Mama Pacha aliwaambia wakiwa mezani, chakula cha Jumapili kikiwa nusu sahani, kwa sauti ileile anayomwambia nayo mwanafunzi wake wa udereva awashe taa ya kona.

"Nimeamua kwenda kuongezwa matiti."

Mumewe aliendelea kutafuna, maana yeye alikwisha kuambiwa. Pacha wenyewe, wasichana wawili waliokuwa wanamalizia sekondari, walitazamana. Mmoja akacheka, mwenzake akafunika uso kwa kiganja. Aliyeacha kula ni wifi, dada mkubwa wa Baba Pacha, ambaye tangu wazazi wao wafariki alikuwa mkuu wa ukoo kwa kujiteua mwenyewe.

"Umesema kuongezwa nini?"

"Matiti, wifi. Haya hapa." Akajigusa kifuani, kana kwamba mle ndani kulikuwa na mengine ambayo mtu angeyachanganya nayo.

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi."

"Au mumeo amelalamika?"

"Muulize, huyo hapo."

Baba Pacha akameza. "Mimi sijalalamika kitu, dada."

"Sasa ni kwa nini?"

"Kwa sababu nayataka," alisema Mama Pacha.

Wifi akaweka kijiko chini. Kwa miaka mingi alikuwa ameletewa mambo ya kila aina ayaamue: ndoa zinazoyumba, watoto wanaotoroka shule, ndugu wasiosalimiana. Yote yalikuja na machozi, naye machozi aliyajua pa kuyapeleka. Neno "nayataka", lililokaa peke yake bila msiba nyuma yake, lilimshinda.

"Basi tutalizungumza," akasema.

"Sijaleta ombi, wifi. Nimetoa taarifa."

Ndivyo alivyokuwa. Mama Pacha alifundisha udereva, kazi ambayo ukiwa na moyo mwepesi huwezi kudumu nayo. Kutwa alikaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili iliyofungwa upande wa mwalimu, akiwatuliza watu wazima waliotetemeka kuliko watoto wa chekechea. Walimu wenzake, wote wanaume, walimheshimu kwa sababu hakuwahi kumpigia mwanafunzi kelele, na walimwogopa kidogo kwa sababu ulimi wake haukuwa na simile.

Matiti yake ya zamani hakuwahi kuyafikiria sana. Yalikuwepo, basi. Halafu wakaja pacha, wakanyonya wote wawili kwa pamoja kama waliokodiwa, na walipoacha, walikuwa wamemaliza kila kitu. Kifua kilinywea, ikabaki ngozi. Tangu hapo alivaa sidiria yenye sponji, na sponji zenyewe alizikata kutoka kwenye kiti kibovu cha gari la shule ya udereva, maana za dukani zilimwasha. Siku moja, akimwonyesha mwanafunzi jinsi ya kufunga mkanda, sponji moja ilichomoka ikaangukia karibu na gia. Mwanafunzi huyo, mzee mstaarabu aliyestaafu benki, aliiokota na kuuliza, "Mwalimu, hii ni ya kiti?"

"Ni ya kiti," akajibu, naye akaichukua.

Kisa hicho alikisimulia mwenyewe ofisini, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ambacho hakukisimulia ni kwamba jioni ile alisimama mbele ya kioo na kuhisi amechoka. Hakulia, si mtu wa kulia. Alichoka tu kujifunga kila asubuhi kama anayefunga mzigo wa safari, na akajiuliza nani hasa alimwambia lazima aendelee.

Baada ya ile Jumapili, maneno yalianza. Wifi alipiga simu kwa kila mwenye undugu. Shangazi mmoja alituma ujumbe mrefu kuhusu wanawake waliokufa mezani mwa daktari. Binamu aliyekuwa hajawajulia hali miaka mingi alijitokeza ghafla na ushauri. Hata yule pacha aliyefunika uso alimjia jikoni.

"Mama, shuleni watanicheka."

"Watakucheka wewe au mimi?"

"Mimi."

"Pole, mwanangu. Ukichekwa nitakuja kukushika mkono. Lakini siachi."

Kadiri walivyomsukuma, ndivyo alivyotia ngumu, na hapo ndipo ugumu huo ulipokaribia kumponza. Alitaka jambo limalizike upesi, kabla wifi hajaitisha kikao cha ukoo. Msusi wake alimwelekeza kwenye kliniki ya urembo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la simu. Palikuwa na zulia jeupe, viti vya ngozi, maua ya plastiki na msichana wa mapokezi mwenye sauti kama asali. Mwenye kliniki alivaa koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Watu walimwita Mtaalamu, na hakuna aliyesema mtaalamu wa nini.

"Mama, wewe chagua saizi tu," Mtaalamu alimwambia, akimfungulia picha za vifua kwenye simu yake.

"Ndani kuna nini?"

"Jeli. Nzuri kabisa."

"Imetengenezwa na nani?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Mtaalamu akatabasamu kama mtu mzima anavyomtabasamia mtoto aliyeuliza nyota zinalala wapi. "Mambo ya kitaalamu tuachie sisi. Ukishawekewa umewekewa. Utazeeka nayo, na utazikwa nayo."

Angepaswa kuinuka pale pale. Alilijua hilo hata wakati anashuka ngazi, maana jibu la "nje" halikumtosheleza. Lakini kila alipofikiria kuahirisha, aliona uso wa wifi ukichanua kwa ushindi, na miguu ikagoma kurudi nyuma. Akapanga siku.

Siku yenyewe, Baba Pacha alimleta na kubaki garini. Ndani, Mama Pacha alivalishwa gauni la kufungwa kwa nyuma. Mtaalamu akamchora kifuani kwa kalamu ya wino, mistari na nusu duara, akiimba chinichini. Kisha akalazwa kwenye kitanda chembamba katika chumba kilichokuwa na taa kali na feni. Aliangaza huku na huku. Hakuona mtungi wa oksijeni. Hakuona mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo. Muuguzi kijana akaingia na bakuli la chuma, na ndani ya bakuli mlikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa plasta.

"Dada, hivyo ndivyo vipandikizi?"

"Ndiyo, mama."

"Kasha lake liko wapi?"

Muuguzi alimtazama Mtaalamu, kisha akaitazama sakafu.

"Kasha tumelitupa," Mtaalamu akasema. "Linachukua nafasi."

"Lilikuwa na jina? Namba? Tarehe ya kuisha muda?"

"Mama, pumzika. Presha itakupanda."

"Na daktari wa usingizi yuko wapi?"

"Mimi mwenyewe nitakuchoma. Kidogo tu, utasinzia."

Mama Pacha alikaa kitako. Sauti ilimtoka ileile ya kazini. "Yaani wewe ndiye utakayenilaza, wewe ndiye utakayenipasua, na nikizidiwa wewe ndiye utakayeniamsha?"

"Wateja wote tunawafanyia hivyo."

"Mimi hutanifanyia." Akashusha miguu sakafuni.

Mtaalamu alimfuata mpaka kwenye pazia la kubadilishia nguo, sasa tabasamu lote limemkauka. Alisema malipo ya awali hayarudi. Alisema wanawake waoga ndivyo walivyo. Mama Pacha alifunga vifungo vya blauzi yake kimojakimoja, akatoka nje na mistari ya wino kifuani. Pale mapokezi alikaa mwanamke mwingine, mkoba mapajani, akisubiri zamu yake. Mama Pacha alisimama mbele yake.

"Muulize kasha liko wapi," akamwambia, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia, kisha akashuka ngazi.

Baba Pacha alishtuka kumwona. "Imekwisha?"

"Haijaanza. Twende."

Hakumwuliza zaidi. Walipofika kwenye makutano alimwona mkewe akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaipunguza redio. Hilo lilikuwa mojawapo ya mambo ambayo Mama Pacha alimpendea mumewe.

Habari ilimfikia wifi kabla ya jioni, na jioni alikuwa sebuleni, uso wake umechanua vilevile Mama Pacha alivyouogopa.

"Nashukuru umefunguka macho," wifi akasema. "Sasa tusahau."

"Nimekikataa kile chumba, wifi. Matiti sijayakataa."

"Hujakoma?"

"Nimekoma kufanya haraka. Basi."

Safari hii alikwenda bila haraka. Kwanza aliandika malalamiko kwa mamlaka inayosimamia hospitali na kliniki kuhusu chumba kile kisicho na oksijeni, akaweka jina lake kamili. Kisha akaenda hospitali kubwa, akapanga foleni kwenye benchi pamoja na watu walioungua moto na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka, maana daktari aliyewatibu hao ndiye huyohuyo. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, macho mekundu ya uchovu, na mazungumzo yasiyo na mapambo.

"Nani anayataka haya matiti?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Mimi."

"Mumeo hayataki?"

"Mume wangu anataka chakula na amani."

Daktari akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Akavuta droo, akamtolea vipandikizi viwili vya mfano. "Shika. Minya. Usiogope."

Mama Pacha alikishika kimoja. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani, baridi, kikitikisika polepole kiganjani. Kimoja kilikuwa na ngozi nyororo, cha pili kilikwaruza kidogo kama karatasi ya msasa iliyochakaa.

"Mimi naweka hiki nyororo," alisema daktari. "Vile vya kukwaruza sana vimehusishwa na saratani fulani. Ni ya nadra, lakini sioni sababu ya kuikaribisha. Ndani unaweza kuchagua jeli au maji ya chumvi. Maji yakivuja, titi litanywea na utajua. Jeli ikivuja unaweza usijue kabisa, kwa hiyo lazima uwe unarudi kupigwa picha hata kama husikii kitu."

"Mwingine aliniambia nitazikwa nayo."

"Alitaka usirudi kumwuliza. Vipandikizi si vya maisha. Wengine wanakaa navyo miaka mingi, wengine mwili unavijengea gamba gumu linalouma, tunavitoa mapema. Ukiweka leo, ujue umejiwekea upasuaji mwingine huko mbele."

"Kwa hiyo hakuna kilicho salama?"

"Kilicho salama kabisa hakuna. Kuna kilichosajiliwa, kina jina la aliyekitengeneza na namba yake, kimefika hapa kikiwa kimefungwa, na kinawekwa kwenye chumba chenye watu wa kutosha kukuokoa. Na kuna ujinga. Wewe umeshaukimbia ujinga, sasa amua kama hatari iliyobaki unaiweza."

Waligombana kidogo juu ya saizi. Mama Pacha alitaka kubwa, ya kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Daktari alimpima upana wa kifua, akavuta ngozi kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Ngozi hii imeshafanya kazi ya watoto wawili. Ukiitwisha mzigo huo itashuka nao."

"Daktari, nimepigana na ukoo mzima halafu nitoke na vitu vidogo?"

"Ukoo hautavibeba. Mgongo wako ndio utakaovibeba."

Alitafakari, akakubali saizi ya kati, shingo upande. Daktari hakumpa tarehe. Alimtuma kwanza kupima matiti yote mawili, kisha arudi nyumbani akafikiri, na akibadilisha mawazo hata mlangoni mwa chumba cha upasuaji, hakuna atakayemnunia.

Vipimo vilionyesha kifuko kidogo cha maji kwenye titi la kushoto. Daktari alikiangalia mara mbili, akamwambia hakina madhara, wanawake wengi wanavyo bila kujua. Mama Pacha, ambaye hakuwa na siri, alikitaja mezani. Wifi alikirukia kama aliyetupiwa kamba mtoni.

"Sasa umepata," akasema kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mgeni. "Tuwaambie watu ni uvimbe. Umekutwa na uvimbe, daktari ameutoa, na kwa huruma yake akakurekebisha. Nani atakusema? Watakuletea hata matunda."

"Lakini si uvimbe."

"Ni neno tu."

"Wifi, kuna wanawake nilikaa nao benchi moja pale hospitali ambao kwao si neno tu. Siwezi kuuazima ugonjwa wao nifunikie kifua changu."

"Unapenda kusemwa?"

"Sipendi. Lakini nikidanganya nitakuwa nimekubali kwamba nilifanya kosa. Watu wakikuuliza, waambie wifi yangu alitaka matiti, akaenda akapata."

Wifi alivuta mtandio wake, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya upasuaji, Mama Pacha aliomba kuona makasha. Daktari aliletewa yote mawili, yamefungwa, lebo zikisomeka, naye akampa ayageuze mikononi atakavyo. Akasoma jina, namba na tarehe, akasoma tena. Daktari wa usingizi, bwana mrefu mwenye kofia ya kitambaa, akaja kumwuliza mara ya mwisho alikula lini. "Uko tayari?" akauliza. Mama Pacha alisema anaogopa. Aliposema hivyo alijishangaa, maana lilikuwa jambo la kwanza la aina hiyo kumtamkia mtu tangu suala hili la matiti lianze. "Vizuri," akajibu yule bwana. "Mimi pia huwa naogopa kidogo. Ndiyo maana siondoki kando ya kitanda." Kisha taa zikapotea.

Alizinduka akiwa na uzito kifuani, kama mtu amemkalia. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko alivyoambiwa. Hakuweza kuinua mikono, kugeuka kitandani, wala kuvuta mlango. Alijikaza kisabuni mbele ya watoto na kumfokea mumewe kwa kumpangia mito vibaya kitandani. Nywele zikamwasha mpaka akatamani kuzinyoa.

Aliyekuja kumwosha nywele hizo ni wifi. Alifika bila kuitwa, akajifunga khanga kiunoni, akamkalisha bafuni kwenye kigoda na kumimina maji ya vuguvugu kwa kikombe.

"Sijabadilisha mawazo," wifi akasema, vidole vikisugua. "Ni upuuzi."

"Ni upuuzi wangu."

"Inamisha kichwa."

Wifi alipomaliza kumfuta kwa taulo, alirudishia mlango.

"Hebu nione."

Mama Pacha akafungua vifungo vya mbele vya ile sidiria ya hospitali. Wifi akainama, akatazama kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Hili la kushoto liko juu kidogo."

"Yatashuka. Daktari amesema."

"Kumbe ni ya kawaida tu. Mimi nilidhani utakuwa kama zile picha." Akamfunga vifungo mwenyewe. Alipofika cha mwisho akasema, bila kumtazama, "Mama yetu angenipiga kwa kuuliza, lakini yanauma sana?"

"Sana."

"Basi pole."

Hawakupatana zaidi ya hapo, na wifi aliendelea kuwaambia ndugu kwamba yeye alikataza. Lakini binamu mmoja alipoanza kucheka kwenye harusi, wifi ndiye aliyemkata kauli, akamwuliza kama ameshamaliza matatizo ya nyumbani kwake.

Kazini alirudi pale mikono ilipoweza tena kushika usukani. Walimu wenzake walitazama, wakajifanya hawajatazama. Meneja wa shule alimwita ofisini, akasogeza kalamu mezani kutoka hapa kwenda pale.

"Mwalimu, kuna mteja mmoja amesema... yaani, kama ungeweza kuvaa nguo pana zaidi. Mwanafunzi anapoteza umakini."

Mama Pacha alijitazama. Alikuwa amevaa fulana ya shule yenye kola, ileile waliyovaa wote.

"Mwanafunzi huyo tunamfundisha kuangalia nini?"

"Barabara."

"Basi nikimpata nitamkumbusha. Kama hawezi kuangalia barabara kwa sababu ya fulana yangu, leseni hastahili."

Meneja akaichukua kalamu, akaangalia ratiba ya siku, na akampangia Mama Pacha amfundishe huyohuyo mteja somo la mzunguko wa barabara. Alikuja kijana wa watu, kimya, macho mbele kama askari wa gwaride, na alijifunza vizuri.

Kovu la kulia lilipona laini, la kushoto likabaki nene na linawasha kila hewa ikibadilika. Kliniki ya juu ya duka la simu ilifungwa walipofika wakaguzi. Mtaalamu akahamia mtaa mwingine na kibao kipya, na Mama Pacha alipolisikia aliandika tena. Wanawake walianza kumjia wakinong'ona, kwa niaba ya rafiki, kwa niaba ya jirani. Yeye hakunong'ona. Aliwasimulia kila kitu, na kovu la kushoto, na maumivu, na lile bakuli la chuma. Wengine wakaenda kwa yule daktari. Wengine wakaamua kubaki walivyo, na hao pia aliwaambia hawadaiwi maelezo na mtu.

Kila anaporudi kupigwa picha, daktari mwenye miwani ya uzi huitazama skrini kwa makini, humwambia viko mahali pake, na humkumbusha kwamba siku itafika ya kuvibadilisha au kuvitoa kabisa.

"Wengine huniambia kwamba wanajuta," daktari alimwambia mara ya mwisho. "Wewe hujawahi."

"Nikijuta nitajua mwenyewe," alisema Mama Pacha akivaa fulana yake ya kazi. "Na siku hiyo ya kuvitoa ikifika, nitaamua tena."

Akatoka haraka. Kule nje mwanafunzi aliyemleta kwa gari la mafunzo alikuwa ameachwa peke yake kiti cha mbele, na honi ya gari ilikuwa imeanza kulia.